Mablanketi Yaliyopelekwa Makambako

Siku niliyosikia kwamba yale maduka yamefungwa yote, la Njombe na la Makambako, na lori lao limeuzwa kwa mtu wa mbao, wenzangu kilabuni walisikitika. Mmoja alisema mji umekufa. Mwingine akauliza sasa kaniki ya kupimwa bila kuibiwa tutaipata wapi. Mimi nilimaliza ulanzi wangu taratibu, nikaenda zangu nyumbani, na njiani nilijisikia kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu asubuhi.

Sasa wanayasifu. Hata vijana ambao hawakuyaona wanasema enzi za Mwingereza kulikuwa na maduka, siyo haya ya leo. Basi acha na mimi nieleze niliyoyaona. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, kwa hiyo mwenye kutaka maneno makubwa asiyatafute hapa. Majina sitayataja. Wengine wamekwishakufa, wengine wana watoto wanaosali na mimi kanisa moja. Lakini kazi zao nitazitaja, na waliokuwa Makambako miaka ile watajua nani ni nani bila kuonyeshwa kidole.

Maduka yalianza na meza. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuja, akaweka meza yake chini kidogo ya boma la Njombe, akauza chumvi. Hayo niliyapata kwa baba yangu, ambaye alinunua chumvi kwenye meza hiyo. Mimi nilipoajiriwa kubeba mizigo, meza ilikuwa imekwisha kuwa jengo la matofali ya kuchoma lenye mlango wa nguo, mlango wa vyuma na mlango wa vyakula. Kwetu hapakuwa na duka jingine la namna ile. Mtu akitaka jembe na sukari, anaingia mlango wa kati, anatoka nje, anazunguka barazani, anaingia mlango wa mwisho, maana milango ya ndani ilikuwa ya sisi wafanyakazi tu. Kina mama wa vijijini walipenda kuzunguka huko. Kila mlango walisalimia upya. Siku ya gulio ulisikia "kamwene, kamwene" tangu kunakucha, mpaka wauzaji wakachoka, wakawa wanaitikia kwa kichwa. Na kwetu kuitikia kwa kichwa ni kama kutoitikia. Mwenye maduka aliliona hilo, akawaita wauzaji wote barazani akawaambia, "Salamu hainigharimu kitu. Itikieni." Kwa neno hilo moja namheshimu. Mengine nitayafikia.

Kila kilichokuwa chake alikipaka rangi ile ile, buluu chini na nyeupe juu, hata asiyejua kusoma akajua yuko kwa nani. Likajengwa la Makambako, pale njia ya Njombe inapokutana na ile ya Iringa na Mbeya. Kisha likaja lori la kuzunguka magulio. Kiangazi lilipanda mpaka Bulongwa na Tandala, na watu wa kule waliliona kutoka mlima wa pili wakaanza kukamata kuku wa kuuza. Masika halikupanda, na watu walikaa bila mafuta ya taa mpaka matope yakauke. Barazani walikaa mafundi cherehani. Hawakutozwa kodi, ila nguo iliyonunuliwa ndani ilishonwa kwanza, ya mtu mwingine ikangoja.

Sasa nisidanganye. Kwa miaka ya mwanzo yalikuwa maduka mazuri. Yaliharibika pale mwenyewe alipopata mteja ambaye hazunguki barazani wala hasalimii.

Makambako, ng'ambo ya barabara kutoka dukani, palikuwa na kambi ya manamba. Ilikuwa ya wakala mmoja binafsi aliyekusanya watu wa kwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba. Kila aliyejiandikisha alipewa blanketi kabla ya kupanda lori. Mwenye maduka akapewa tenda ya mablanketi hayo, na tangu hapo mablanketi ya sufu hayakukaa tena Njombe. Yalikuja yameshonewa ndani ya magunia, marobota makubwa ya kubebwa na mtu mwenye mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu. Niliyashusha kwenye lori moja nikayapandisha kwenye jingine. Ndani sikuwahi kuyaona.

Fikiri mwenyewe. Njombe, mwezi wa sita, umande umeganda kwenye majani mpaka yanavunjika ukiyakanyaga, na rafu ya mablanketi ni mbao tupu. Mama anaingia mlango wa nguo, anaambiwa hakuna, yamekwenda Makambako. Kufanya nini? Kupewa watu wanaokwenda Tanga. Na kila aliyerudi kutoka Tanga alituambia kule mtu analala nje bila shati na bado anatoka jasho. Sisi tuliokuwa tunatetemeka ndio tuliowapakilia.

Mwaka huo mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na kama tulivyozoea kwetu, alikwenda kujifungulia kwa mama yake. Kwao ni karibu na Ilembula. Tulihesabu kwamba bado kuna muda. Asubuhi moja nilikuwa napakia lori la Makambako, nikamwona shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anakuja na vumbi mpaka magotini.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Dada amejifungua."

"Mbona mapema hivyo?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Wa kiume. Lakini ni mdogo, shemeji. Ni mdogo kama..." Alitafuta kitu cha kumfananisha naye akakosa, akanionyesha kwa viganja vyake. "Tumewapeleka hospitali Ilembula. Nesi anasema ananyonya, anapumua, ila baridi hii itamtoa roho. Kanga hazitoshi. Anataka blanketi la sufu, zito, la kumkunja ndani. Ameniambia nikimbie."

Nilicheka, na sikucheka kwa furaha. Wakati ananiambia hayo, robota la mablanketi lilikuwa begani mwangu.

Nililitua, nikaenda kwa msimamizi wa duka la Njombe, nikamwomba lifunguliwe nitoe moja, nilipe. Alikuwa mtu mwoga tu, simweki kwenye wabaya. "Robota la tenda halifunguliwi hapa," alisema. "Nenda na lori. Likifunguliwa Makambako, ununue kule." Nikamwambia shemeji arudi akawaambie nakuja, nikapanda juu ya mzigo wenyewe. Nilikalia mablanketi njia nzima, na baridi ikanipiga njia nzima.

Makambako nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa karani mkuu wa duka la pale. Huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja. Alikuwa na shati jeupe, na kalamu mfukoni hata wakati ambapo hakuna cha kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mchungaji.

"Karibu, ndugu wa Njombe. Sisi ni nyumba moja," alisema.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, akaniambia pole sana, na uso wake ulikuwa na pole ya kweli. Uso ule sijausamehe mpaka leo. Alipokea hela yangu, akaingia ndani, akatoka na blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu kila upande wa mwisho. Nikalipokea kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo, kama tunavyopokea.

"Sasa unafikaje Ilembula?"

"Kwa miguu, bwana karani."

"Kwa miguu! Na mtoto anangoja? Vuka barabara, uende pale kambini. Kuna lori linatoka mchana huu huu. Mwambie mnyapara nimekutuma mimi, mwonyeshe blanketi, atakupakia. Na jifunike, ndugu yangu. Upepo wa hapa ni mbaya."

Nikajifunika. Nilivuka barabara nimelivaa blanketi la mwanangu mabegani, namshukuru karani moyoni.

Mnyapara wa kambi ndiye wa pili ninayemtaja. Mtu mfupi, mwenye koti la jeshi lililobaki kutoka vitani, na hakuwa na tabia ya kupiga kelele. Nilimsalimia, nikamwambia nimetumwa na karani.

"Vizuri. Blanketi umepata?"

"Nimepata, baba. Nashukuru."

"Mwili mzima? Huumwi?"

"Namshukuru Mungu, siumwi."

"Jumbe wako ni yupi?"

Nikamtajia. Kwetu mgeni huulizwa hivyo, ili ajulikane ni mtu wa watu. Nilimwona mnyapara ni mtu mwenye adabu.

"Umekula?"

"Bado, baba."

"Nenda ukale na wenzako pale."

Pale palikuwa na wanaume wamezunguka ugali na maharage. Sasa wewe wa kwetu niambie, unapitaje watu wanaokula, wamekuita, ukasema umeshiba? Watakuuliza umetuona wachafu? Nikanawa, nikala. Baada ya kula nikaona wazee wawili wanahangaika na gunia la unga chini ya lori. Mimi ni mbeba mizigo. Siwezi kukaa nikiwatazama wazee na gunia. Nikaliinua peke yangu, nikainua na mengine, tena nikawaelekeza watu waliokuwa juu ya lori namna ya kuyalaza yasiteleze mlimani. Mnyapara akanitazama akasema, "Huyu atafaa sana."

Nilifurahi! Nimesifiwa kambini.

Tukakaa kivulini kungoja dereva. Kijana aliyekuwa karibu nami akaniuliza, "Wewe umepangiwa shamba gani?"

"Shamba la nini? Mimi nashukia Ilembula."

"Ilembula ipi hiyo?"

"Kwani ziko ngapi? Ya hospitali. Mke wangu amejifungua."

Kikapasuka kicheko ambacho nakisikia mpaka leo.

"Jamani, huyu mwenzetu Tanga anaiita Ilembula!"

"Dereva asisahau kumshusha bwana harusi!"

"Utamkuta huyo mtoto ana ndevu. Atakuamkia yeye, 'Shikamoo baba, umetoka wapi?'"

Mmoja wa wale wazee wa gunia hakucheka. Alisogea karibu. "Mwanangu," alisema, "lori hili linakwenda Iringa, halafu Dodoma kwenye treni. Upande wa Ilembula haliangalii hata kwa kioo. Nani alikupa hilo blanketi?"

"Nimelinunua, baba. Dukani pale."

"Haya hayauzwi. Hebu tazama wenzako."

Nikatazama. Kila mtu pale kivulini alikuwa na blanketi la kijivu, na kila blanketi lilikuwa na mstari mwekundu. Yale marobota niliyoyabeba mwaka mzima, ndiyo kwanza nayaona tumboni mwake. Nilipata baridi pale ambayo haikutoka kwenye upepo.

Nilikwenda kwa mnyapara mbio.

"Baba, mimi si manamba. Nimekosea lori. Nakwenda kwa mke wangu, amejifungua."

"Kila safari yuko anayelia," alisema polepole. "Yule wa juzi alisema mama yake kafa. Wa kabla yake ng'ombe wake kazaa. Wewe ni mke. Hongera sana."

"Baba, blanketi hili nimelinunua kwa hela yangu."

"Blanketi la kambi haliuzwi. Sikiliza, kijana. Umepewa blanketi ukalipokea. Nimekuuliza afya, ukaniambia nzuri. Jumbe wako umemtaja mwenyewe. Ugali umekula, unga umepakia. Sasa kimebaki kitu gani?"

"Sijakubali kwenda."

"Na umekataa lini?"

Nilirudi nyuma kichwani, tangu dukani mpaka pale, nikitafuta mahali niliposema hapana. Hapakuwapo. Kutwa nzima nilikuwa nimejibu kama nilivyofundishwa nyumbani kumjibu mtu mzima, na kila jibu la adabu lilinisogeza kwenye lori.

Nikasema twende kwa karani, yeye ndiye shahidi. Mnyapara hakukataa. Alivuka barabara nami kama mtu anayekwenda kununua kiberiti.

"Huyu?" alisema karani, na akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Huyu alikuja kujiandikisha. Nikampa blanketi kama wengine. Kuna nini?"

"Bwana karani! Mimi ni wa Njombe! Umesema sisi ni nyumba moja! Nimekueleza habari za mtoto wangu!"

"Ndugu yangu, usipandishe sauti dukani. Kuna wateja."

Baadaye ndipo nilipoielewa biashara yao, na sasa naieleza kwa sababu hakuna wa kunifukuza kazi. Karani alikuwa anauza mablanketi ya kambi kwa watu wa njiani na hela anaweka mfukoni. Lakini kila blanketi lililotoka lilipaswa kuonekana limevaliwa na mtu juu ya lori. Basi mtu mgeni, mwenye haraka, asiye na ndugu Makambako, akiuziwa blanketi, alielekezwa kambini kupewa "lifti". Blanketi likaonekana, mtu akaonekana, hesabu ikakaa sawa. Wangapi walikwenda Tanga namna hiyo, Mungu ndiye anayejua. Mnyapara alijua, maana hakushangaa hata kidogo. Na mwenye maduka je? Watu wanamtetea, wanasema alikuwa mbali. Mimi nasema mtu aliyejua gharama ya salamu hakuweza kutojua mablanketi yake yanatokaje. Aliona tenda inakwenda vizuri akageukia pembeni. Huyo ni wa tatu.

Tulipotoka barazani mnyapara akaniambia, tena kwa sauti ya upole, "Mimi sina ugomvi na wewe. Kazi yangu ni kuhesabu mistari. Mstari mwekundu ukiwa begani mwa mtu, mtu huyo ni wangu. Hutaki kwenda? Vua blanketi, uliweke hapa, uondoke."

"Na mtoto nitamfunika nini?"

"Hilo si la kambi." Akavuka kurudi kwake. "Lori likipiga honi, nataka nikuone wewe au nilione blanketi."

Nilibaki nimesimama pale. Nikikimbia nalo, watanikamata kwa utoro kabla sijafika mwisho wa nyumba. Nikilivua, niko huru, naweza kwenda Ilembula na kuingia wodini mikono mitupu. Nikilivaa nikapanda, litafika Tanga, mtoto atakuwa amekwisha kuzikwa. Nililishika lile blanketi nikaligeuza huku na huku kama vile ndani yake kuna mlango.

Barazani alikuwapo fundi cherehani, mtu wa makamo, mguu juu ya pedali. Alikuwa amekaa pale pale niliponunua, na dirisha liko wazi nyuma ya kichwa chake. Alisikia kila kitu mara zote mbili. Nikamtazama. Akaangalia sindano yake.

Kando ya ukuta alikaa kijana amejikunyata, ana kifurushi kidogo. Ndiye aliyesema kwanza.

"Kaka, wewe hutaki kwenda kweli?"

"Sitaki."

"Mimi nataka na wamenikataa. Nimetembea kutoka Bulongwa. Nimefika, naambiwa mablanketi ya safari hii yamekwisha, ningoje nyingine. Nitangoja wapi? Nitakula nini?"

"Unataka nini huko kwenye mkonge?"

"Baiskeli. Nimewaambia watu wote kwetu nakwenda kutafuta baiskeli. Nikirudi sasa hivi kwa miguu hii hii, watanicheka mpaka mbuzi." Akasimama. "Nipe hilo. Nivae mimi nipande, wewe ubaki."

"Ni la mtoto wangu."

"Ana urefu gani huyo mtoto?"

Nikamwonyesha kwa viganja, vile vile alivyonionyesha shemeji. Akaangalia viganja vyangu, akaangalia blanketi, akacheka kidogo.

"Kaka, humo wanaenea watoto wa kijiji kizima. Na mimi huko naambiwa ni jasho tu usiku na mchana. Sasa tunagombea nini? Tukate."

"Mnyapara ataona ni nusu."

"Si amesema anahesabu mistari? Mistari si iko kila mwisho? Kila mtu wake."

Tukageuka wote wawili kumtazama fundi. Alikohoa.

"Mimi sikuona kitu na sikusikia kitu," alisema. "Nina watoto, na mahali hapa nakaa kwa hisani ya yule wa ndani. Mkasi huu hapa." Kisha, tulipotaka kuuchukua, akatupiga mikono. "Wacheni! Mtalirarua. Sufu hii ukikata vibaya inafumuka yote. Leteni hapa, na mkae mbele yangu watu wasione."

Akalikunja katikati, akalikata moja kwa moja bila kuinua mkasi, akapitisha cherehani kwenye kingo haraka kuliko nilivyowahi kuona fundi akishona. Honi ililia akiwa kwenye ukingo wa pili. Hakututoza kitu. Kule kuinamia sindano wakati ananiona naangamia bado kunaniuma, lakini namweka upande wa waliotenda jema, kwa sababu alikuwa na cha kupoteza.

Kijana wa Bulongwa alikunja nusu yake begani kiungwana, mstari mwekundu ukiwa mbele kabisa kama mkanda wa askari. Tukavuka pamoja. Mnyapara alimtazama juu mpaka chini, akanitazama mimi na nusu yangu chini ya kwapa, akaelewa yote. Nilimwona akielewa. Lori lilikuwa linatikisika.

"Na wewe?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Hapana, baba. Siendi."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," alisema, akampungia kijana mkono apande.

Niseme mapema, maana najua mtauliza: kijana yule alirudi. Mkataba ulipokwisha alipita Njombe, amekonda, macho ya njano kwa homa za huko, lakini baiskeli anaikokota, na alishindwa hata kuipanda kwa jinsi alivyoifunga makaratasi isichubuke. Alikuja mpaka mlango wa nguo, akanikuta, na hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza, "Mtoto wetu hajambo?" Nikamtoa nje nikalia kidogo nyuma ya ghala, yeye ananicheka.

Siku ile lakini sikungoja lori lipotee. Nilishika njia ya Mbeya kwa miguu. Jua lilipokuwa linashuka niliomba kulala kwenye mji wa watu nisiowajua. Walinikaribisha vizuri, na mzee wa pale akaniuliza, kama ipasavyo, jumbe wako ni yupi. Nikamuuliza kwanza anataka kujua kwa nini. Mke wake akaacha kukoroga ugali. Ilinibidi nieleze yote, wakacheka, wakanipa chakula, na kila tonge nilijiuliza ninatia sahihi kitu gani.

Asubuhi mwinjilisti mmoja alinibeba nyuma ya baiskeli mteremko mrefu, nikatembea sehemu iliyobaki, na kabla jua halijawa kali niliiona miti ya hospitali. Nilitazama kama kuna watu wamekaa chini nje, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, namna wanavyokaa mtu akiwa amefariki. Walikuwapo wanawake. Walikuwa wanachambua mboga na kuteta.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Aliponiona aligeuza uso pembeni kama heshima inavyotaka, lakini mkono wake ukanyoosha kidole ndani, haraka haraka, niingie.

Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amefungua nguo kifuani, na mtoto amelala juu ya ngozi yake, kanga zote za ukoo zimewafunika. Nesi alichukua blanketi kwangu bila salamu, akalipitisha shavuni kupima sufu, akasema, "Hili ndilo." Alimkunja yule mtoto mpaka kikabaki kipua tu na mstari mwekundu chini ya kidevu, akamrudisha kifuani kwa mama yake. Nikasimama. Sikujua wapi pa kuweka mikono. Baada ya muda nesi akaingiza kidole ndani ya blanketi, akagusa mguu wa mtoto, akagusa tena.

"Unapata moto," alisema. "Baba, sasa unaweza kukaa."

Nikakaa. Mke wangu alikuwa ananitazama, kisha akaanza kulikagua blanketi, upande huu na upande ule, kama mtu anayejua bei.

"Mbona nusu?"

"Nusu nyingine imekwenda Tanga."

"Imekwenda Tanga kufanya nini?"

"Kukata mkonge."

Alinitazama kuona kama nimelewa. Nilipomweleza, nilipofika pale nilipowapangia magunia na nikasifiwa, alianza kucheka, akashika tumbo lake kwa maumivu, akaniomba ninyamaze kwa jina la Mungu. Mtoto akaamshwa na kicheko kile, akalia. Ilikuwa sauti nyembamba lakini haikukatika, na wanawake waliokuwa nje wakaacha kuteta wakasikiliza, kisha mmoja wao akapiga kigelegele.